Bwana Birika na Maji ya Mkanda

Wiki iliyopita nilialikwa harusini kwa mwenzangu wa kazini, katika hoteli kubwa huku Nairobi, na mhudumu mmoja akapita nyuma yangu na sinia la kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini. Sikumwona, nilisikia harufu tu. Wenzangu mezani wakaanza kumeza mate. Mimi, bila ya kutaka, nikajikuta ninawaza: basi tuseme hicho tusichokijua ni eksi. Aliyekaa ubavuni mwangu akaniuliza mbona ninacheka peke yangu. Nikamwambia ni hadithi ndefu, na tangu siku ile inanisumbua mpaka nimeamua kuiandika.

Nyinyi mliosoma sekondari wakati simu zenye intaneti ndiyo kwanza zinaingia vijijini mtanielewa upesi. Wadogo zetu hawaelewi. Wao wamezaliwa wakaikuta.

Nilikulia Kizingitini, kisiwani Pate, kwa bibi yangu mzaa baba. Baba, mama na wadogo zangu wawili walikuwa Mombasa, ambako Baba alikuwa karani bandarini. Mimi niliachwa kwa Bibi tangu nilipoacha ziwa, na kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba niliachwa ili nimlinde yeye. Nani mwingine angemsomea karatasi za dawa ya presha? Nani angemtilia uzi kwenye sindano ya cherehani? Bibi alikuwa Mwamu, mzaliwa wa mji wa Amu aliyeolewa Kizingitini angali msichana, na mpaka uzeeni hakukubali kuiacha lugha ya kwao: nje kwake ni nde, njia ni ndia, na aje ni aye. Alikuwa mfupi, mkali wa maneno, na hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa kubishana isipokuwa mimi, tena mara mbili tu.

Kubishana ndiko kulikonitia mashakani. Nilikuwa kidato cha pili na hesabu zilikuwa zimenishinda. Si hesabu zote. Nipe nambari tupu, nitazijumlisha na kuzigawa mpaka ukome. Lakini nambari zikishavishwa maneno, yaani yale maswali ya mtu fulani ana kitu fulani, basi mimi nilikwama kwa sababu niliwajua watu wale na vitu vile kuliko kitabu kinavyowajua. Swali linasema mkulima ana punda na kuku, vichwa thelathini, miguu themanini na minne, je, ana punda wangapi? Nikaandika kwamba mtu mwenye punda huwajua kwa majina, hana haja ya kuwahesabu miguu. Swali jingine linasema Asha, Juma na Musa wamegawana maembe thelathini na sita, Juma amepata mara mbili ya Asha, na Musa amemzidi Asha kwa manne. Nikampa kila mmoja kumi na mawili, kwa sababu mgawo ule ulikuwa dhuluma na mimi singeshiriki. Na nilikuwa nimefurahi nafsi yangu nilipoyaandika hayo.

Lililonimaliza lilikuwa la boti mbili. Boti ya kwanza inatoka mji mmoja kwa mwendo wa kilomita kumi na sita kwa saa. Saa moja baadaye boti ya pili inatoka mji wa pili, uso kwa uso na ile ya kwanza, kwa mwendo wa kilomita ishirini na nane. Miji iko umbali wa kilomita sitini. Je, zitakutana baada ya muda gani? Mtoto wa Kizingitini haulizwi swali kama hilo. Boti zetu zote za kwenda Amu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakijaa unapita. Yakipwa, pale hubaki tope na kaa, na boti yako hukaa juu ya tope hilo mpaka Mungu ayarudishe maji. Nikaandika jibu la maneno mawili: Inategemea maji.

Mwalimu Kioko, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa akiogopa hata kivuli cha boti, alinipa sifuri na kuandika kwa wino mwekundu: Soma swali. Kila karatasi yangu ilikuwa na maneno hayo. Mwisho wa muhula wa pili nilipata kumi na tisa kwa mia.

Siku chache baadaye Baba akapiga simu. Alipiga kwa Ami Shee, mdogo wake, kwa sababu Ami ndiye aliyekuwa na simu kubwa. Akaniambia, kwa sauti yake ya kikarani, kwamba amezisikia alama zangu. Kule Mombasa kulikuwa na shule nzuri ya wasichana, na nafasi ingepatikana. Kama mtihani wa mwisho wa mwaka nitafika hamsini, nitasalia kwa Bibi. Nisipofika, Januari ni Mombasa. Sikumuuliza nani aliyempelekea habari za alama zangu. Nilimshuku Mwalimu Kioko.

Hamsini kwangu ilikuwa mbali kama Makka kwa miguu. Nilijiona nimeshapandishwa boti, na Bibi yuko peke yake na cherehani yake na sindano isiyotiwa uzi. Nikalia mbele ya Ami Shee bila haya. Ami alikuwa mnunuzi wa kambakoche. Wazamiaji walimletea, yeye akawapima kambakoche hao, akawapiga picha na kuzituma picha kwa wateja wake wa Mombasa na Malindi, na ile simu yake ilikuwa imelowa maji ya kambakoche mpaka ndani ya kifuniko. Wateja walimwandikia kwa Kiingereza, na Ami Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea radhi tu. Basi tukapatana. Mimi nimwandikie majibu, na siku ambazo hakusafiri, baina ya alasiri na magharibi, simu iwe yangu. Kuuliza si ujinga, akaniambia, huko ndani ya simu dunia nzima imo, nenda kaulize.

Mtandao ulishika vizuri mahali pamoja tu, juu ya sanduku la barafu nje ya ghala la Ami. Hapo ndipo nilipokaa, baridi inanipanda matakoni, harufu ya kambakoche imenizunguka kila upande, vidole vinanuka, daftari linanuka. Nikaandika kwa Kiingereza maneno ya kutafuta msaada wa hesabu za maneno, na dunia ikafunguka. Kulikuwa na ukurasa ambamo watu waliweka maswali yao na watu wengine wasiowajua wakayajibu, bure, kwa hiari yao. Sikuamini. Nikasoma majibu ya wengine kwa muda wa siku tatu kabla sijathubutu kuweka langu.

Nilipothubutu, niliandika kama nilivyofunzwa nyumbani. Nikaanza na salamu. Nikauliza hali zao, nikauliza wa nyumbani mwao, nikauliza kama mvua zimenyesha huko. Nikasema sisi hatujambo, alhamdulillahi, na Bibi yangu anawasalimu, ingawa Bibi hakuwa na habari. Baada ya hapo ndipo nikaliweka swali la boti mbili, na chini yake nikaeleza habari za Mkanda ili wasije wakanijibu ovyo. Salamu zilikuwa ndefu kuliko swali.

Kesho yake nikakuta jibu. Aliyejibu alijiita kwa Kiingereza neno lenye maana ya birika, na mahali pa picha ya uso aliweka picha ya birika la chai la buluu. Mimi nikamwita Bwana Birika. Salamu zangu hakuzijibu hata moja, jambo lililonishtua kidogo. Nilipomweleza Bibi alisema pengine ana wageni. Lakini jibu lenyewe lilinipiga bumbuwazi, na mpaka leo ninaweza kulisoma kwa moyo.

“Maelezo yako ya Mkanda ni mazuri sana, nimeyasoma mara mbili,” aliandika. “Lakini katika swali hili bahari haina kujaa wala kupwa. Kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kisichoandikwa hakipo. Usichokijua kipe jina, kisha endelea nacho kana kwamba unakijua.”

Akaupa jina la eksi ule muda wa boti ya kwanza. Ya pili imechelewa saa moja, basi muda wake ni eksi toa moja. Kumi na sita mara eksi, ujumlishe ishirini na nane mara eksi toa moja, ndizo kilomita sitini. Nikafanya kwa penseli juu ya kifuniko cha sanduku la barafu. Eksi ikatoka mbili. Nikajaribu kuona kama ni kweli: kwa saa mbili ya kwanza imekwenda thelathini na mbili, kwa saa moja ya pili imekwenda ishirini na nane, jumla sitini. Zimekutana. Nilisimama juu ya lile sanduku nikapiga vigelegele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi, na Ami Shee akatoka ghalani mbio akidhani nimeumwa na kambakoche.

Tangu siku ile, kila siku ambayo Ami hakusafiri nilikwenda kumsomea barua zake ili nipate simu. Niliuliza la punda. Niliuliza la maembe, na Bwana Birika akakubali kwamba mgawo ule si wa haki, ila aliniomba niutafute hata hivyo. Pembeni mwa jina lake palikuwa na alama ndogo ya kijani, nayo nikaifahamu kwa namna yangu. Niliamini kwamba kijani kikiwaka, Bwana Birika ameketi mbele yangu ananingoja, na kwamba kuondoka mbele ya mtu mzima bila yeye kukuruhusu ni utovu wa adabu. Basi hata nikimaliza masomo nilibaki nimeishika simu, ninaitazama ile alama, mpaka izimike yenyewe au izimike simu ya Ami. Siku mbili Ami alikosa kuwasiliana na mteja wa Malindi kwa sababu ya adabu zangu.

Sasa kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni. Kwetu, jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Utatia chochote, hata sukari kidogo, hata limau mbili. Mwenye kurudisha sahani tupu husemwa mtaani, na anastahili kusemwa. Na mimi nilikuwa nimeshapokea sahani ngapi kutoka kwa Bwana Birika? Kumi na zaidi, zote zimejaa, na nimezirudisha tupu. Nikawa nikilala ninaona haya. Mwisho nikaamua. Nikamwandikia namna ya kuoka mkate wa mofa, tangu kuloweka unga mpaka kuubandika kwenye tanuri, kwa Kiingereza cha shule, kazi ya jioni mbili. Nikautuma nikashusha pumzi.

Asubuhi ujumbe wangu ulikuwa umefutwa. Mahali pake paliandikwa kwamba ujumbe umeondolewa na wasimamizi kwa sababu haukuhusu hesabu. Nilijiona kama mtu aliyepeleka chakula akarudishiwa mlangoni. Nikala kiamsha kinywa kimya, na Bibi, ambaye kimya changu alikijua kwa uhaba wake, akanihoji mpaka nikamweleza yote: sahani, mkate, kufutwa. Nilitaraji aseme watu wale hawana adabu. Hakusema. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

“Mbona umpe mkate mtu asokula mkate?” akasema. “Mwangalie hula nini, umpe akilacho.”

Alikula nini Bwana Birika? Nilijua papo hapo. Nikavaa viatu kinyume, nikatoka nde kama Bibi asemavyo, na Bibi akaniita nirudi nimalize chai.

Nilitunga swali langu mwenyewe. Shee, mfanyabiashara, hupita Mkanda kila siku saa kumi alasiri. Mkanda hupitika tangu saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa mpaka saa mbili baada yake. Jumamosi ya bamvua, yaani siku za maji makuu, maji yamejaa saa kumi barabara. Kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini. Siku gani Shee atakuta Mkanda umefungika, na siku gani ataanza kupita tena? Niliona ni swali zuri kuliko yote yaliyomo kitabuni, kwa sababu lilikuwa na maji. Nikaandika juu yake kwamba ni zawadi.

Bwana Birika alijibu siku ile ile. Kufungika, akasema, ni Jumanne. Sahihi. Kupita tena, akasema, ni baada ya siku ishirini na saba. Nikasoma tena. Siku ishirini na saba! Mwezi mzima Kizingitini hatupati unga! Mtaalamu wa eksi, mwalimu wangu, alikuwa amekosea, na mimi ndiye niliyejua. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Nikamwandikia kwa haraka, nimesahau hata salamu, kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, usiku na mchana, na kwamba yale ya usiku nayo huchelewa mpaka yanaingia mchana, jambo ambalo kwetu mtoto wa miaka minne analijua.

“Hukuliandika,” alinijibu. “Kisichoandikwa hakipo. Mimi nimeiona bahari mara mbili tu maishani mwangu, tena kwa mbali, nikiwa na wajukuu wangu ambao huniita Nyanya Birika. Liandike swali lako tena kwa ajili ya mtu asiyejua kitu.”

Kwanza niliona haya kwa kumwita mwanamke Bwana kwa muda wa miezi miwili. Kisha nikasoma tena yale maneno, na hapo jambo likaniingia akilini kwa kishindo. Mimi, niliyeandikiwa Soma swali kila wiki, nilikuwa nimeandika swali na kuficha nusu yake kichwani. Mtunzi wa la boti mbili hakuwa mjinga. Alikuwa tu ameandika alichotaka nikijue na kuacha mengine yote nje, nami siku zote nilikuwa ninamwingizia ya kwangu kwa mlango wa nyuma.

Siku tatu nililiandika upya. Nikatia kujaa mara mbili, na kwamba baina ya kujaa na kujaa ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Nikalisoma kama mtu asiyejua bahari, nikaona pengo, nikaziba. Nikalisoma tena nikakumbuka kwamba Ami Ijumaa hasafiri, amejiwekea nadhiri hiyo tangu zamani, nikaitia nayo. Nililituma kabla ya magharibi, na siku ya pili Ami aliporudi kutoka Amu na kunipa simu, ilikuwa inalia kila dakika. Watu kumi na wanane walikuwa wamelijibu. Kumi na wanane, na kila mmoja na njia yake! Mmoja alichora mawimbi. Mwingine alisema Ijumaa. Mwingine akamsuta kwamba hakusoma swali, na nikaipenda sana sentensi hiyo. Ami Shee alipoelewa kwamba watu wa dunia nzima wanahesabu safari zake, alipiga pasi shati lake la Idi akaomba nimpige picha.

Nilikimbia nyumbani na simu mkononi, jambo nililokatazwa, nikamsomea Bibi swali zima kwa Kiswahili. Sikumaliza.

“Ni Jumamosi,” akasema. “Bamvua hata bamvua ni wiki mbili. Ijumaa Shee haendi pahala, tangu lini?”

Jumamosi ndilo lililokuwa jibu. Nikamwandikia Nyanya Birika kwamba Bibi yangu amelipata bila kalamu, akiwa anapinda upindo wa shela. Alinijibu kwamba kwa muda mrefu hajafurahi hivyo, na kwamba niwe na mazoea ya kutunga. Kisha akaongeza maneno ambayo siku ile niliyapita mbio: kwamba hesabu hunoga zaidi mkiwa watu watatu au wanne meza moja, mkigombania karatasi moja, na kwamba kama kuna mahali panapopatikana watu wa namna hiyo, niende.

Novemba tukafanya mtihani. Swali la tano lilikuwa la kugawana, korosho badala ya maembe, na dhuluma ni ile ile. Nikaligawa kama lilivyoandikwa, na chini nikaandika kwa herufi ndogo kwamba si haki. Mwalimu Kioko aliporudisha karatasi alikuwa anacheka peke yake tangu mlangoni. Nilipata sitini na nane. Wino ulikuwa mwekundu vile vile lakini uliandika: Umesoma.

Baba alikuja wiki iliyofuata. Alikaa barazani mwetu na karatasi yangu mkononi, amevaa miwani, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho kama hati ya meli. Bibi alikuwa jikoni anachemsha kahawa, mlango uko wazi. Baba akavua miwani.

“Neno langu ni neno langu,” akasema. “Umefika hamsini na umepita. Utasalia hapa na bibi yako.”

Hayo ndiyo niliyoyapigania. Miezi minne nimekaa juu ya barafu kwa ajili ya maneno hayo, na nilipoyapata niliona kama mtu aliyemaliza swali akakuta jibu sahihi la swali lisilokuwa lake. Kwa wiki kadhaa, kila nilipolala, nilikuwa nimeanza kuiona ile meza. Watu watatu au wanne, karatasi moja. Baba alikuwa amenieleza katika simu kwamba ile shule ya Mombasa ina chama cha hesabu na chumba cha kompyuta, nami nilikuwa nimeziba masikio. Sasa masikio yalikuwa yamezibuka na sikuweza kuyaziba tena. Lakini Bibi? Nilitazama mlango wa jikoni. Nikapiga moyo konde.

“Baba,” nikasema, kwa sauti ambayo nilitumaini haitafika jikoni, “ninataka kwenda.”

Baba akanitazama. Akafungua kinywa, na kabla hajasema, Bibi akatokea mlangoni na sinia la kahawa na haluwa. Alikuwa amesikia. Nikaanza kusema mambo mengi kwa pamoja, kwamba nitarudi kila likizo, kwamba mtoto wa jirani atamtilia uzi, kwamba kama hataki basi siendi. Bibi akaliweka sinia chini polepole, akakaa mkekani.

“Na wewe wadhani ni nani alompigia simu babako mara ya kwanza?” akaniuliza. “Ni mimi. Kwa simu iyo iyo ya Shee. Nilimwambia, mtoto huyu ateta na vitabu, na hapa vitabu vyenyewe ni vitatu. Mtafutie ndia, aye huko akatete na vingi.”

Nikamgeukia Baba. Baba alitazama chini, akazungusha miwani yake. Kisha akamuuliza mama yake, taratibu, kwamba yeye sasa atakaa na nani.

“Nitaketi na nyumba yangu,” Bibi akasema. “Miaka kumi na mine nalala na mtoto aliliae eksi usingizini. Nami nataka kulala.”

Nikacheka, na kicheko hakijaisha nikaanza kulia, vyote viwili kwa pamoja, kamasi na haluwa, mpaka Baba akanipa leso yake. Bibi alinimiminia kikombe akakisukuma mbele yangu, akaniambia nichague moja, kucheka au kulia, kwani kahawa inapoa.